Jedwali la Elementi Litangulie, Maganda ya Elektroni Yafuate

Mwaka 1869, mwanakemia wa Urusi Dmitri Mendeleev alipotoa jedwali lake la elementi, hakuna mtu aliyejua kwamba kuna kitu kinachoitwa elektroni. J. J. Thomson aliigundua mwaka 1897, miaka 28 baadaye. Kiini cha atomu kilisubiri hadi 1911, na neutroni hadi 1932. Kwa zaidi ya robo karne jedwali lilisimama lenyewe, likafanya kazi na kuwasaidia wanakemia, bila hata mchoro mmoja wa maduara yenye vidoti.

Sasa angalia tunavyowaanzishia wanafunzi wetu. Kipindi cha kwanza: atomu ina protoni, neutroni na elektroni. Kipindi cha pili: elektroni hukaa kwenye maganda, yaani tabaka zinazozunguka kiini, 2, kisha 8, kisha 8. Halafu karirini elementi 20 za kwanza. Jedwali linakuja mwishoni likiwa limeshakamilika, kila kisanduku kimejaa, halina la kuuliza. Mimi ni mwalimu wa kemia, na naamini kwa dhati kwamba mpangilio huu uko kichwa chini, miguu juu. Tunampa mwanafunzi jibu la swali ambalo hajawahi kuuliza, kisha tunalalamika kwamba halimkai kichwani.

Swali lenyewe ni rahisi: kwa nini elementi fulani zinafanana tabia kana kwamba ni ndugu? Ili mwanafunzi aulize hivyo, lazima kwanza auone huo undugu. Mahali pazuri pa kuanzia ni beseni la maji na vipande vidogo sana vya lithiamu, sodiamu na potasiamu, mwalimu akiwa amevaa miwani ya usalama na wanafunzi wamekaa mbali. Lithiamu huelea na kutoa mapovu ya hidrojeni taratibu mpaka iishe. Sodiamu huyeyuka kwa joto lake yenyewe, ikawa tone linalong'aa na kukimbia huku na huko juu ya maji. Potasiamu huwaka papo hapo kwa mwali wa zambarau. Chovya karatasi nyekundu ya litmasi kwenye maji yaliyobaki: mara zote tatu inageuka buluu. Kisha andika ubaoni uzani wa atomu zao, 7, 23, 39, na unyamaze.

Atatokea mmoja wa kugundua kwamba kutoka 7 hadi 23 ni 16, na kutoka 23 hadi 39 ni 16 tena. Hujamtajia elektroni hata moja, lakini tayari anataka kujua elementi ya nne katika ukoo huo itafanya nini ikiguswa na maji. Hamu hiyo ndiyo mtaji wa somo zima.

Baada ya hapo ninagawa kadi. Kila kadi ina uzani atomia wa elementi moja, sura yake, hali yake katika joto la kawaida, na jinsi inavyoungana na oksijeni na klorini. Kazi ya kundi ni kuzipanga kwa uzani huku zinazofanana zikikaa pamoja. Gesi adimu, zile zisizopenda kuungana na elementi nyingine, siziweki, maana Mendeleev naye hakuwa nazo. Kadi ya galiamu na ya germaniamu ninazificha kwa makusudi. Kundi linalopanga bila kufikiri litajaza mapengo kwa kusogeza kadi mbele, na mara utaona arseniki imeangukia chini ya aluminiamu, ambayo haifanani nayo hata kidogo. Kundi linaloangalia tabia litalazimika kuacha nafasi wazi. Hapo mabishano huanza, na mwalimu anapaswa kuyaacha yaendelee.

Ndipo unapowasimulia. Mendeleev aliacha nafasi hizohizo, akaandika mapema elementi zitakazokuja zitakuwaje. Mwaka 1875 Lecoq de Boisbaudran akapata galiamu huko Ufaransa, akapima densiti yake akapata gramu 4.7 kwa kila sentimita ya ujazo. Mendeleev, ambaye hakuwa ameona hata punje ya metali hiyo, alisema inapaswa kuwa karibu 5.9. Sampuli iliposafishwa na kupimwa upya, ikawa 5.9. Mwaka 1886 Clemens Winkler akapata germaniamu: utabiri ulisema uzani wa 72, na leo tunaandika 72.6. Sijui hadithi nyingine katika sayansi ya shule inayoonyesha waziwazi namna hii kwamba mpangilio mzuri unaweza kumwambia mtu jambo ambalo jicho lake halijaona. Kuibana kwenye sanduku dogo pembeni mwa ukurasa, kama vinavyofanya vitabu vingi vya kiada, ni hasara kubwa.

Jedwali lina kasoro pia, na kasoro hizo ndizo mlango wa kuingilia ndani ya atomu. Teluriamu ina uzani wa 127.6 na iodini 126.9. Ukifuata uzani tu, iodini itatangulia, itaachana na klorini na bromini, ndugu zake wa wazi kabisa. Mendeleev aliamua kufuata tabia, akadhani uzani wa teluriamu ulipimwa vibaya. Haukupimwa vibaya. Wape wanafunzi kadi ya agoni, gesi iliyogunduliwa mwaka 1894, na tatizo litajirudia: uzani wake ni 39.9, wa potasiamu ni 39.1, lakini nani atakubali kuiweka potasiamu mahali pa gesi isiyoungana na chochote?

Basi uzani siyo kipimo sahihi cha foleni hii. Kitu kingine ndicho kinachohesabiwa. Kitu gani?

Hapa sasa, na hapa tu, mwanafunzi ana haki ya kuambiwa kuhusu kiini. Hans Geiger na Ernest Marsden walirusha chembe za alfa, vipande vidogo vyenye chaji chanya vinavyotoka kwenye vitu vyenye mnururisho, kwenye utando mwembamba wa dhahabu. Nyingi zilipenya, chache mno zikarudi nyuma. Mwaka 1911 Ernest Rutherford akatoa maelezo: chaji chanya yote na karibu uzito wote wa atomu vimebanwa katikati, mahali padogo mno. Ukiipanua atomu ya dhahabu iwe na upana wa uwanja wa mpira, kiini chake kitakuwa na upana wa takriban milimita 5. Mwaka 1913 Henry Moseley akapima eksirei zinazotolewa na elementi mbalimbali, akakuta kwamba kutoka elementi moja hadi inayofuata kuna hatua moja ileile, bila kuruka. Kinachohesabiwa ni chaji ya kiini, yaani idadi ya protoni. Teluriamu 52, iodini 53. Agoni 18, potasiamu 19. Utata wote unaisha kwa namba moja. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915 akiwa na miaka 27, na kila ninapofika hapo darasa hukaa kimya bila kuambiwa.

Maganda ya elektroni yanapokuja baada ya haya yote, yanakuja kama maelezo. Wanafunzi wahesabu urefu wa safu za jedwali zinazokwenda kulia: 2, 8, 8, 18, 18, 32, 32. Waulizwe hizo namba zinatoka wapi. Hapa ndipo utaratibu wa kawaida unapowaumiza zaidi, kwa sababu mwanafunzi aliyefundishwa "2, 8, 8" kama sheria anaamini kwamba ganda la tatu linabeba elektroni 8 tu. Linabeba hadi 18. Elektroni ya 19 ya potasiamu huingia ganda la nne kwa kuwa huko nishati ni ndogo zaidi, na ya 20 ya kalsiamu huifuata. Kisha kuanzia skandiamu hadi zinki, elementi 10, lile ganda la tatu linarudi kujazwa. Anayelijua jedwali anaziona elementi hizo 10 kwa macho yake zikiwa zimekaa katikati. Aliyekariri anafika kalsiamu na kukwama, halafu anajiona hafai kwa kemia. Hilo linaniuma sana, maana aliyekosea siye yeye.

Nawaelewa wenzangu wanaosema muda hautoshi na mtihani unadai michoro ya maganda. Michoro watachora, tena bila shida, na vipindi viwili vya kadi vinajilipa vyenyewe pale unapofika kwenye valensi, yaani uwezo wa elementi kuungana na nyingine, na usihitaji kuanza upya. Wengine husema mwanafunzi hawezi kushika uzani atomia kabla hajaijua atomu. Anaweza kwa kuanzia kuuchukulia kama namba ya kulinganisha tu, kama walivyoutumia wanakemia wa karne ya 19 wakati baadhi yao hawakuamini hata kwamba atomu zipo kweli.

Ninachotamani kukiona kwenye karatasi ya mtihani ni swali la namna hii. Klorini huyeyuka kwenye nyuzijoto −101, bromini −7, iodini 114. Klorini ni gesi ya kijani-njano, bromini kimiminika chekundu-kahawia, iodini yabisi nyeusi yenye mng'ao. Elementi inayofuata chini yao ni astatini. Hakuna aliyewahi kuiona kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, kwa kuwa isotopu yake (aina ya atomu zake) inayodumu zaidi hupungua nusu kila baada ya saa 8 hivi. Eleza unavyotarajia iwe, na utoe sababu. Maksi moja kwa jibu, nne kwa sababu.