Kunyimwa Kazi kwa Sababu Umesoma Sana

Mwaka 1996, mtu aliyeomba kazi ya upolisi katika mji wa New London, jimbo la Connecticut nchini Marekani, alifanya jaribio la akili la Wonderlic: maswali 50, dakika 12. Alipata 33. Mji huo ulikuwa ukiwaita kwenye usaili waliopata kati ya 20 na 27, basi hakuitwa. Alishtaki. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ilikubaliana na mji: mwenye akili nyingi atachoshwa na kazi, ataondoka, na gharama za kumfundisha zitapotea.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Kumtafuta mtu mpya, kumfundisha na kumsubiri azoee ni fedha na muda. Mwenye shahada ya uzamili anayeomba ukarani huenda kweli amejibanza tu akisubiri mvua ipite. Msimamizi naye ana hofu yake, ambayo haiandikwi kwenye barua ya kukataliwa: nani anapenda kumwelekeza mtu anayeijua kazi kumzidi?

Lakini itazame tena ile 27. Mlalamikaji alileta ushahidi kiasi kwamba wanaopata alama za juu hawaichoki kazi kuliko wengine. Kwa mujibu wa sheria haikumsaidia, maana ilitosha mji uwe na sababu inayoingia akilini, hata kama si sahihi. Maana yake ni kwamba mtu alihukumiwa kwa kosa la kuacha kazi ambayo hajaianza. Na aliyepata 28 angeweza kujiokoa kwa kukosea swali moja makusudi! Hicho ndicho waombaji wanachofanya siku hizi: wanafuta shahada kwenye wasifu wao, wanapunguza vyeo walivyowahi kushika. Mwajiri anayeogopa kudanganywa kuhusu nia ya mtu anaishia kuajiri aliyeanza kwa kuficha, tena asijue ana ujuzi gani wa kutumia.

Mwaka 2009 watafiti Berrin Erdogan na Talya Bauer walichapisha utafiti kuhusu wauzaji wa maduka ya nguo nchini Uturuki. Waliojiona wana sifa kuliko kazi yao waliuza zaidi. Walipopewa uhuru na sauti katika kazi, ile hamu ya kuondoka ilipungua. Kwa hiyo sehemu ya ugonjwa wanaouogopa waajiri iko mikononi mwao wenyewe.

Kuna na jambo la umri. Mahakama ileile ya rufaa, mwaka 1991, iliamua kesi ya mtu wa karibu miaka 60 aliyekataliwa kwa kuambiwa sifa zimezidi, ikaona kwamba sababu hiyo inaweza kuwa kisingizio cha kumkataa mzee. Nami naona shaka hiyo ina nguvu, kwa kuwa uzoefu hauji bila miaka, na anayekataa uzoefu mara nyingi anakataa miaka.

Swali lenyewe ni rahisi kuulizwa kwenye usaili: kwa nini unaitaka kazi hii, kwa mshahara huu, na unatarajia kukaa muda gani? Wapo wanaotaka saa zinazotabirika, waliochoka kuongoza watu, wanaohamia fani nyingine. Wengine watadanganya, ndiyo. Lakini muda wa majaribio umewekwa kwenye mikataba kwa ajili hiyo, na mwenye sifa pungufu naye huacha kazi akipata pazuri zaidi, bila mtu kumkataa mapema kwa sababu hiyo.