Kuizima miR-155: matumaini ya lupasi, swali la malaria

Mwaka 2024 Victor Ambros na Gary Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kugundua maikroRNA. Hivi ni vipande vifupi vya RNA, kemikali inayofanana na DNA, vyenye herufi 22 hivi, visivyotengeneza protini yoyote. Kazi yake ni kupunguza protini zinazotokana na jeni nyingine. Katika seli B, zinazotupatia kingamwili, kipande kinachobishaniwa sana ni miR-155. Wapo watafiti wanaotaka kizimwe kwa dawa ili kutibu maradhi ambayo kinga humgeukia mwenye mwili, kama lupasi na baridi yabisi.

Hoja yao ina uzito. Panya wenye kasoro ya kurithi inayowaletea lupasi walipoondolewa miR-155, kingamwili zinazoshambulia mwili zilipungua na ugonjwa ukawa mwepesi. miR-155 ikizidi nayo ni hatari: mwaka 2006 ilionekana kwamba panya waliozidishiwa miR-155 katika seli B hupata saratani ya seli hizo. Tena mgonjwa wa lupasi hutumia steroidi miaka nenda miaka rudi, huku mifupa ikidhoofika na sukari ikipanda. Anayemtafutia njia nyingine namuunga mkono kwa moyo wote.

Lakini mwaka 2007 panya wasio na miR-155 walichanjwa dhidi ya bakteria wa Salmonela, na chanjo haikuwakinga ipasavyo. Hilo pengine lingevumilika, kwani dawa nyingi za lupasi hudhoofisha kinga. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni AID, kimeng'enya kinachobadili DNA ya seli B makusudi ili kingamwili ziweze kunasa vimelea vizuri zaidi. Kikikosa shabaha, huvunja kromosomu pasipostahili. miR-155 ni miongoni mwa vinavyokidhibiti kimeng'enya hicho. Mwaka 2008 watafiti waliharibu mahali ambapo miR-155 huishika RNA ya AID katika panya. AID ikaongezeka, na jeni Myc, inayochochea seli kugawanyika, ikazidi kuhamia kwenye jeni za kingamwili.

Mhamo huo ndio alama ya limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa daktari Uganda. Virusi vya Epstein-Barr, vinavyohusishwa na saratani hiyo, vilionekana mara ya kwanza mwaka 1964 katika uvimbe uliotoka huko huko. Malaria imo pia katika kisa hiki: maambukizi ya muda mrefu ya vimelea vyake katika panya huchochea AID na kuongeza limfoma.

Watetezi watajibu kwamba panya wa 2008 walizaliwa na badiliko hilo, ilhali dawa husimamishwa wakati wowote. Watasema pia kwamba miR-155 hudhibiti jeni nyingi, hivyo kuizima yote si sawa na kuiachia AID peke yake. Yote mawili ni kweli. Ila lupasi haitibiwi kwa wiki mbili, na mgonjwa wa Kisumu au Gulu huumwa na mbu huku akimeza dawa zake.

Kwa hiyo sipingi dawa hizi. Napinga zipimwe tu kwa watu wasioishi penye malaria, kisha ziidhinishwe kwa wote. Majaribio yawahusishe wagonjwa wa ukanda wa Ziwa Viktoria, na yapime AID na wingi wa virusi vya Epstein-Barr katika damu yao, kabla ya dozi ya kwanza na kwa miaka kadhaa baada yake.