Kangomba si ngoma

Juzi mpwa wangu, yuko kidato cha pili hapa Mikindani, kaiuliza programu ya kwenye simu maana ya kangomba. Ikamjibu kwa madaha: ngoma ndogo ya asili, huchezwa kusini wakati wa mavuno. Babu yake, aliyewahi kuuza korosho zikiwa bado maua, na ndiyo kangomba yenyewe, akacheka mpaka akapaliwa.

Haya, mashine kukosea si jambo geni. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walikuwa na programu yao, NELL, inasoma kurasa za intaneti usiku na mchana ijifunze yenyewe: huu mji, yule mchezaji, hiki chakula. Ikasoma mtu kafuta kuki za kwenye kompyuta, vijifaili vya intaneti ambavyo Kiingereza huviita kwa jina lile lile la biskuti, ikaziweka kapu moja na biskuti. Ikasoma mwingine kafuta mafaili, basi na mafaili nayo yakawa vya kuoka! Profesa Tom Mitchell ikabidi aingize mkono mwenyewe kusahihisha.

Lakini hilo silo lililoniuma. Mtoto alipobisha, mashine ikaomba radhi, ikasema kangomba ni biashara haramu ya korosho inayofanywa na walanguzi. Hapo babu akanyamaza.

Maana si uongo. Ndivyo magazeti yalivyoandika, hasa 2018 serikali iliponunua korosho na wanajeshi kuzisomba. Mashine inasoma kilichoandikwa, na aliyetuandika ni aliyekuja kutukamata. Nani kaandika ule mwezi ghala tupu, mtoto ana homa, salfa ya kupulizia mikorosho haijalipiwa, na mtu kasimama mlangoni na pesa taslimu? Mzee anajua anapunjwa. Anapokea. Hilo halimo popote, na mashine isome kurasa bilioni, haitaliokota.

(Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyefukuliwa huku kwetu kusini, yeye kaandikwa weee, tangu mifupa ilipopelekwa Berlin. Waliompakia mabegani mpaka bandarini Lindi, andika majina yao uone utapata mangapi.)

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba programu hiyo hiyo imemsaidia binti hesabu kuliko mimi mjomba wake.

Ila kangomba ameiandika kama alivyosimuliwa na babu, ukurasa na nusu. Daftari limekusanywa Ijumaa. Tunangoja alama.