Mpigaji Aliyewaka Aprili Tumwamini kwa Kiasi Gani?

Aprili 2006, Chris Shelton wa timu ya besiboli ya Detroit Tigers alipiga hom rani 9 (mapigo yanayoutoa mpira nje ya uwanja) katika mechi 13 za kwanza. Zidisha kiwango hicho hadi mechi 162 za msimu mzima na utapata 112, ilhali rekodi ya msimu mmoja katika besiboli ya Marekani ni 73. Shelton alimaliza na 16, na kufikia Agosti alikuwa ameshateremshwa ligi ya chini.

Hapa Mombasa wanaoifuatilia besiboli ni wachache, kwani mechi za jioni za New York huku huanza saa nane usiku. Lakini hesabu yenyewe tunaijua, maana ndiyo inayopigwa barazani kwenye kahawa kila Agosti. Haaland aliuanza msimu wa 2024/25 na mabao 10 katika mechi tano. Kwa kuzidisha tu, angefunga 76. Alifunga 22.

Kwenye besiboli bahati ina nafasi kubwa zaidi. Mpira uliogongwa barabara ukitua kwenye glavu ya mlinzi, mpigaji hapati kitu. Ulioparuzwa tu ukadondoka mahali patupu, amepata hiti, yaani pigo lililofaulu. Mpigaji wa .270, yaani hiti 27 kwa kila zamu 100, anaweza kuonekana wa .330 au wa .200 katika zamu 45 za mwanzo, na yeye ni yuleyule.

Wanatakwimu Bradley Efron na Carl Morris walilipima jambo hili kwa wapigaji 18 wa msimu wa 1970. Walichukua zamu 45 za kwanza za kila mmoja, kisha wakauvuta wastani wake kuelekea wastani wa kundi, .265. Makadirio hayo yaliukaribia msimu uliobaki kuliko wastani mtupu kwa wachezaji 16 kati ya 18. Ushindi mkubwa, lakini hebu mtazame Roberto Clemente. Alianza na .400, fomula ikamshusha chini ya .300, naye akapiga .346 katika zamu zilizobaki. Fomula ilikosea karibu sawa na wastani wake mtupu, ila kwa upande wa pili.

Sababu ni kwamba fomula haikujua Clemente ni nani. Alikuwa ameshaongoza ligi kwa wastani wa kupiga mara nne. Kumvuta ni sawa, ila kumvuta kuelekea kundi la watu 18 waliookotwa kwenye gazeti ni kumdhulumu. Angevutwa kuelekea rekodi yake mwenyewe. Aaron Judge mwaka 2024 aliumaliza Aprili akiwa juu kidogo tu ya .200. Waliomjua hawakutikisika, na alimaliza na .322 na hom rani 58.

Tatizo ni kwamba rekodi nayo husema uongo mtu anapobadilika. Hadi 2009, mpigaji José Bautista hakuwahi kuzidisha hom rani 16 kwa msimu. Akaanza kuusogeza mguu mapema kabla ya mpigo, na Septemba 2009 mipira ikaanza kuruka. Mwaka 2010 alipiga 54. Aliyeng'ang'ania miaka yake ya nyuma aliachwa mbali.

Mimi naegemea upande wa rekodi, maana akina Bautista ni wachache mno kuliko akina Shelton. Hata hivyo, takwimu hazikomai pamoja. Wastani wa hiti huchukua zaidi ya msimu mmoja kutulia, ilhali kiwango cha kutolewa kwa straikauti, yaani kushindwa na mrushaji bila kuupiga mpira uwanjani, huanza kusema kweli baada ya zamu 60 hivi, kwa kuwa hapo hakuna mlinzi wala glavu. Ni mpigaji na mrushaji tu. Kwa hiyo katikati ya Mei siangalii hom rani kwanza. Kama straikauti zake zimepungua waziwazi kuliko mwaka jana, nampandisha. Kama ziko palepale, basi hata awe na hom rani 12, namrudisha kwenye wastani wake wa miaka mitatu na kumwongezea kidogo tu.