Shida amefika Mwanga

"Shida amefika Mwanga na magunia mawili ya dagaa."

Hapa Kigoma sentensi hiyo haimsumbui mtu. Shida ni mama anayenunua dagaa mwaloni Kibirizi, na Mwanga ni mtaa wenye soko. Niliipitisha kwenye programu huria ya kutambua majina katika maandishi ya Kiswahili, ikatoka mikono mitupu: mtu hakuna, mahali hakuna. Kwake, taabu imefika kwenye nuru, na dagaa juu.

Nilicheka, kisha nikaudhika, maana jibu limekaa kwenye kitenzi chenyewe. Taabu ingekuwa "shida imefika". Ukisikia "amefika", huyo ana miguu. Na Mwanga vilevile: aliye kwenye nuru yuko mwangani, aliye mtaani kwetu yuko Mwanga, bila -ni. Mtoto wa chekechea hakosei hapo. (Wako wanaosema mwanga ni mchawi pia. Hilo tuliache, usiku umeingia.)

Programu siilaumu, inajua ilicholishwa. Mkusanyiko wa MasakhaNER, uliotoka 2021 kwa lugha 10 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, uliwekewa alama za watu, mahali, taasisi na tarehe kwenye matini za habari. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini kwenye habari wamejaa marais na mawaziri. Kina Shida, Tatu na Bahati hawatajwi mpaka boti izame.

Ndiyo maana vijana wetu wananishangaza wanaposema watachangia programu huria kama hii wakishaiva kwenye Python, lugha ya kuandikia programu. Waandishi wa programu wako wengi duniani. Anayekosekana ni mtu wa kusema "hapa ni jina, na sababu ni hii a-".

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Niliwatumia wenye programu hiyo sentensi 400 za mfano kwa mkupuo, nyingi nimezitafsiri kutoka Kiingereza usiku mmoja kabla bando halijaisha muda. Wiki zikapita kimya. Nikanung'unika kwamba wanatudharau watu wa mikoani. Siku nilipozisoma tena nilikutana na "Yohana alikuwa na wakati mzuri ufukweni". Nani Kibirizi anaongea hivyo? Na nani mwenye muda wa kuhakiki 400 za namna hiyo, bila malipo, baada ya kazi zake?

Mara ya pili nilituma 12. Zote za maneno ninayoyasikia mwaloni na sokoni, na chini ya kila moja nikaeleza kwa mstari mmoja kwa nini ni mtu au kwa nini si mtu. "Nimeona shida" na "nimemwona Shida", kwa mfano: hiyo -m- ndogo inamaliza ubishi. Zikapokelewa, na mhakiki akarudi na swali: je, kitenzi kisiposaidia?

Swali lake limenikwamisha kwenye sentensi ya 13. "nimetoka kwa shida", herufi ndogo tupu, kama watu wanavyoandikiana kwenye simu. Huyu ametokea nyumbani kwa mama Shida, au ametoka kwa taabu? Nikamuuliza Shida mwenyewe, huku anapima dagaa kwa kopo. Akasema inategemea kama mtu huyo alikuwa na deni lake.