Dawa Zipo Rafuni, Ruhusa Iko Mbali

Mwishoni mwa Januari 2025, vituo vingi vinavyotoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI vilijikuta katika hali ambayo hakuna muuguzi aliyewahi kufundishwa kuikabili. Dawa zilikuwepo. Zilikwisha nunuliwa, zikasafirishwa, zikapangwa rafuni. Wenye kuzihitaji walikuwepo pia. Lakini agizo la kusimamisha misaada ya nje ya Marekani, lililotiwa saini Januari 20 na kufuatiwa na barua za kusitisha kazi, lilizuia hata dawa zilizokwisha kufika zisigawiwe. Siku chache baadaye kikatolewa kibali maalumu kwa huduma za kuokoa maisha, ambacho utekelezaji wake ulisuasua. Mwezi Machi ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada ya nje la Marekani, zimefutwa, na kufikia Julai 1 shirika hilo lilikuwa limefungwa.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama habari ya fedha kukatika. Kwangu, sehemu nzito zaidi ni zile siku chache za mwanzo, ambapo hakikupungua kidonge hata kimoja na bado mgonjwa alirudi mikono mitupu. Mali ilikuwa ya kituo kwa macho, lakini uamuzi juu yake ulikuwa kwa mtu aliye mbali, asiyemjua mgonjwa na asiyewajibika kwake kwa lolote.

Mwaka 1978, wataalamu wawili wa elimu ya mashirika nchini Marekani, Jeffrey Pfeffer na Gerald Salancik, waliweka msingi wa kile kinachoitwa nadharia ya utegemezi wa rasilimali. Hoja yao ni rahisi kuieleza: ukitaka kujua kwa nini shirika linafanya linavyofanya, tazama kwanza linapopata riziki yake kabla ya kusoma dira na dhima zake. Kisha uliza mambo matatu. Rasilimali hiyo ina uzito gani kwa uhai wa shirika? Nani ana hiari ya kuitoa au kuizuia? Na ikikosekana hapo, kuna pengine pa kuipata? Majibu yote matatu yakielemea upande mmoja, madaraka nayo huhamia huko, hata kama katiba ya shirika inasema bodi ndiyo yenye kauli ya mwisho. Ni kweli kwamba mtoaji naye anamhitaji mpokeaji, maana bila kituo hana pa kuonyesha matokeo ya fedha zake. Ila mtoaji akikosa kituo hiki atapata kingine kabla ya mwaka kwisha, na kituo kikimkosa yeye huenda kisimalize mwezi.

Ninachotaka kusisitiza ni kwamba utegemezi hausubiri siku ya kukatwa fedha. Kazi yake kubwa huifanya zikiwa zinaingia vizuri, na huifanya taratibu kiasi kwamba waliomo ndani hawaioni. Shirika lililoanzishwa na watu wachache waliokerwa na jambo moja, tuseme akina mama kujifungua bila msaada, linapata ruzuku yake ya kwanza. Ruzuku ni ya malaria. Si mbali sana na lengo, wanasema, na mama mjamzito naye huugua malaria. Mwaka wa tatu ruzuku ni ya lishe. Mwaka wa sita shirika lina mhasibu wa miradi, afisa ufuatiliaji na tathmini, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuandika maandiko ya miradi. Wakunga ni walewale wawili. Hakuna aliyedanganya mtu wala kuiba senti. Kila hatua ilikuwa na sababu nzuri, na mwisho wa safari hakuna anayekumbuka ni lini walikubaliana kuacha kile walichoanzia.

Lugha nayo hubadilika. Jirani anakuwa mlengwa. Kuzungumza naye kunaitwa kushirikisha wadau, kumfundisha kunakuwa kujengewa uwezo, na kupona kwake kunaandikwa kama kiashiria kilichofikiwa. Maneno haya si maovu, na baadhi yake yamesaidia watu kupima kazi yao kwa uaminifu. Hata hivyo hayakuzaliwa kwenye mazungumzo na wanaohudumiwa. Yalizaliwa kwenye fomu, na fomu ina msomaji mmoja tu.

Halafu kuna siasa za mtoaji, ambazo mpokeaji hana kura ndani yake. Mfano ulio wazi kuliko yote ni sera ya Mexico City, iliyotangazwa na serikali ya Ronald Reagan mwaka 1984. Ilizuia fedha za Marekani za uzazi wa mpango kwa mashirika ya kigeni yanayotoa au kutetea huduma za utoaji mimba, hata kama huduma hizo zinalipiwa kwa fedha nyingine. Clinton aliifuta mwaka 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairudisha 2017 na kuipanua, Biden akaifuta 2021, Trump akairudisha tena 2025. Msimamo wa mtu juu ya utoaji mimba uwe wowote, hebu ajiweke mahali pa msimamizi wa kliniki iliyo bara jingine, ambaye kila baada ya miaka kadhaa anabadilisha anachoruhusiwa kumwambia mgonjwa kwa kuwa watu wa nchi nyingine wamepiga kura. Hakuna taaluma inayoweza kukua hivyo.

Wala jambo hili haliishii kwa mashirika madogo. Shirika la Afya Duniani ni mali ya serikali zote wanachama, lakini mwaka 2022 ada za lazima za wanachama zilikuwa chini ya asilimia 20 ya bajeti yake. Sehemu kubwa ya kilichobaki ilikuwa michango ya hiari, na mingi ya michango hiyo huja ikiwa imeshapangiwa kazi na mtoaji. Matokeo yake, mkutano mkuu hupitisha vipaumbele, kisha fedha zinafuata vipaumbele vingine. Mwezi Mei mwaka huohuo wanachama walikubaliana kupandisha ada hatua kwa hatua hadi zifikie nusu ya bajeti ya msingi ya 2022–2023, si baadaye ya kipindi cha 2030–2031. Makubaliano hayo yenyewe ni ungamo la serikali hizo kwamba zilijenga taasisi yao, kisha zikaiacha itafute riziki kwa wengine.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani nitamalizia kwa methali ya mtegemea cha nduguye. Siwezi, kwa sababu methali hiyo inasema nusu tu ya ukweli, na nusu nyingine ni watu walio hai leo.

Mpango wa dharura wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ulianza mwaka 2003. Kwa makadirio ya serikali ya Marekani, umeokoa maisha ya watu milioni 25. Hata mtu akipunguza hesabu hiyo kwa ukali, kinachobaki ni idadi ambayo hakuna hoja ya kujitegemea inayoweza kuipuuza. Nchi zilizokuwa zikizika vijana wao kila wiki hazikuwa na nafasi ya kungoja hadi mapato yao ya kodi yakue. Anayesema afadhali huduma ingechelewa ili iwe ya kwetu, aseme pia ni nani angekufa katika kuchelewa huko.

Fedha za nje, hata zilizofungiwa kwenye ugonjwa mmoja, wakati mwingine huacha nyuma uwezo ambao hakuna aliyeupanga. Julai 2014 Ebola iliingia Lagos kwa ndege. Mji wenye mamilioni ya watu, wasafiri kila upande. Nigeria iliuzima mlipuko ule kwa wagonjwa 20 na vifo 8, na Oktoba 20 ikatangazwa kuwa haina Ebola. Msaada mkubwa ulitoka kwenye kituo cha operesheni za dharura na wataalamu waliokuwa wameandaliwa kwa ajili ya kupambana na polio, kazi iliyogharamiwa kwa sehemu kubwa na wafadhili. Waliozoea kutafuta mtoto asiyechanjwa mtaa kwa mtaa waligeuza ujuzi uleule kutafuta aliyekutana na mgonjwa.

Na kuna hoja moja ambayo wapenzi wa kujitegemea, nami nikiwa mmoja wao, huikwepa. Rasilimali za ndani nazo zina mwenyewe. Bajeti ya serikali hugawiwa na wanasiasa, na wanasiasa huona kwanza wapiga kura wengi. Mfungwa, mkimbizi, anayejidunga dawa za kulevya, mwanamke anayeuza mwili: hawa mara nyingi huduma yao ya kwanza ya heshima ililetwa na fedha za mgeni, kwa sababu mgeni hakuhofia kushindwa uchaguzi kwa ajili yao. Romania ilipoacha kupata fedha za VVU mwaka 2010 kutoka Mfuko wa Dunia, unaogharamia vita dhidi ya UKIMWI, kifua kikuu na malaria, huduma za sindano safi zilipungua, na maambukizi miongoni mwa wanaojidunga yakapanda kwa kasi katika miaka iliyofuata. Nchi hiyo ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Uwezo wa kulipa ulikuwepo kuliko nia.

Utegemezi kwa serikali ya nyumbani unaweza pia kuua kimyakimya. Hull House ilianzishwa Chicago mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr, ikawa mojawapo ya mashirika ya huduma za jamii yenye jina kubwa zaidi Marekani. Ilipofunga milango Januari 2012, sehemu kubwa mno ya mapato yake ilikuwa ikitoka kwenye mikataba ya serikali. Mikataba ile ilipopungua na mahitaji ya watu kuongezeka baada ya mdororo wa uchumi, hapakuwa na kingine cha kuishikilia. Ilidumu zaidi ya karne nzima, na haikuwa imetegemea nchi ya kigeni.

Wapo waliojinasua, na inafaa kutazama walilipa nini. Hospitali ya macho ya Aravind, iliyoanzishwa Madurai, India, mwaka 1976 na Dkt. Govindappa Venkataswamy ikiwa na vitanda 11, iliweka utaratibu ambao wagonjwa wenye uwezo wanalipa na malipo yao yanabeba wasio na uwezo. Kwenye upasuaji wa mtoto wa jicho walikuwa wakitegemea lenzi za misaada kutoka nje. Mwaka 1992 wakaanzisha kiwanda chao, Aurolab, na bei ya lenzi ikashuka sana. BRAC, shirika la kupambana na umaskini la Bangladesh lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972, lilijenga biashara zake, yakiwemo maduka ya kazi za mikono ya Aarong tangu 1978, hadi sehemu kubwa ya bajeti ikawa inatoka kwenye mapato yake yenyewe.

Mifano hii hutajwa kana kwamba kila shirika linaweza kuifuata. Naipenda, lakini lazima tukiri kuwa upasuaji wa macho ni huduma ambayo tajiri na maskini wote wanaihitaji, na kwa hiyo tajiri anaweza kumlipia maskini. Nani tajiri anayekwenda kulipia kitanda katika nyumba ya wanawake waliokimbia vipigo? Nani ananunua huduma ya kumpa wakili mtoto aliye mahabusu? Shirika la namna hiyo likilazimishwa kujiendesha kibiashara, litaanza kutafuta wateja wanaolipa, na wale lililoundwa kwa ajili yao watasogezwa pembeni. Linakuwa limetoka kwa bwana mmoja na kuingia kwa mwingine anayeitwa soko.

Botswana inaonyesha ugumu huu kwa upana wake. Ilianza kutoa dawa za VVU bure mwaka 2002, kwa kushirikiana na taasisi ya Gates na kampuni ya dawa ya Merck, kisha serikali ikabeba sehemu kubwa ya gharama yenyewe. Ilisifiwa, na ilistahili. Lakini fedha za serikali zilitegemea almasi, na almasi hununuliwa nje. Soko lilipoporomoka, huku misaada ya Marekani nayo ikikatwa, Rais Duma Boko alitangaza hali ya dharura ya afya Agosti 2025 kwa sababu ya uhaba wa dawa. Nchi ilikuwa imefanya karibu kila ilichoshauriwa.

Kwa hiyo siamini tena katika kuhesabu asilimia ya fedha za nje na za ndani kisha kutoa hukumu. Kipimo ninachokiamini ni kama shirika linaweza kusema hapana mara moja na kubaki hai mwaka unaofuata. Hilo linahitaji akiba, na akiba haipatikani kwa ruzuku inayolipia shughuli tu na kukataa kulipia pango, umeme na mishahara ya ofisini. Linahitaji watoaji kadhaa wasiotegemeana. Linahitaji muda pia, na hapa napendelea utaratibu wa Gavi, ushirika wa kimataifa unaogharamia chanjo katika nchi maskini, ambao tangu 2008 unaitaka nchi inayopokea ichangie sehemu ya chanjo zake, kidogo mwanzoni na zaidi kipato kinapopanda. Indonesia iliyokuwa ikipokea sasa inachangia. Utaratibu huo una kasoro, hasa kwa nchi ambazo kipato kimepanda vitabuni kuliko hospitalini, ila angalau vigezo vya kuondoka vinajulikana na pande zote mbili mapema.

Na kuna jambo dogo zaidi, ambalo halihitaji mkutano wa kimataifa wala fedha mpya. Ni kifungu kimoja kwenye mkataba: dawa, chanjo au chakula kikishaingia stoo ya kituo, kimekuwa mali ya kituo, na barua yoyote ya kusitisha inahusu shehena inayofuata. Mfadhili anabaki na haki yake yote ya kutotoa tena. Mfamasia anabaki na ufunguo wa stoo, na aliyekuja asubuhi kuchukua dawa za mwezi anaondoka nazo.