Theolojia: shahada ya kwanza isomee nyumbani

Kila msimu wa maombi ya vyuo napata ujumbe kutoka kwa vijana wa Tanzania wanaotaka kuja Ujerumani kusomea uchungaji. Wanauliza habari za ufadhili, viza na kozi ya Kijerumani. Swali ambalo ningeanza nalo mimi huwa halimo: ukimaliza, kanisa gani litakubariki na kukupa usharika?

Nimesoma pande zote mbili, na msimamo wangu ni huu: shahada ya kwanza ya theolojia isomee nyumbani. Ya uzamili na uzamivu njoo huku, tena njoo mbio.

Wengi hudhani ukishatunukiwa shahada huku, umeshakuwa mchungaji. Sivyo. Theolojia hufundishwa ndani ya vyuo vikuu vya serikali, kwa Kijerumani, na anayelenga uchungaji hudaiwa Kilatini, Kiyunani na Kiebrania, kila lugha na mtihani wake. Ni miaka mitano au sita hivi. Kisha unakuja mtihani wa kanisa lenyewe, halafu mafunzo ya vitendo usharikani ya miaka miwili au zaidi, halafu mtihani mwingine. Mgeni aliyechukua shahada bila kupita mlango huo wa kanisa anarudi na elimu, lakini hana madhabahu, si huku wala kwao.

Kuhusu pesa, ni kweli vyuo vingi vya serikali havitozi ada, isipokuwa mchango wa muhula. Ila Tübingen na Heidelberg, ambavyo kila mpenda theolojia huviota, viko jimbo la Baden-Württemberg, na huko tangu 2017 wanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hutozwa euro 1,500 kwa muhula. Na asiye na mfadhili, ili apate viza huonyesha akaunti maalumu yenye fedha za kujikimu mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904. Familia nyingi zitauza shamba kwa hilo.

Nyumbani njia ni nyingine. Kwa sisi wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), kawaida dayosisi ndiyo inayokutuma Makumira, chuo kikuu cha kanisa letu karibu na Arusha, kwa hiyo unapoingia darasani kuna watu wanaokungoja. Vitabu vinagombewa, hilo silifichi. Lakini mwalimu anayekufundisha agano la ubatizo Jumatano, Jumapili yuko mimbarini, na wewe uko kwenye mazoezi usharikani ukiulizwa maswali yasiyo na jibu vitabuni: familia inayoamini mgonjwa wao amerogwa, msharika anayechungulia kwa nabii wa maji ya upako, mazishi ambayo nusu ya ukoo ni Waislamu. Mchungaji wa Kijerumani hupambana na mengine. Kanisa la Kiinjili huku lilishuka chini ya waumini milioni 20 mwaka 2021 na bado linapungua. Kwa hiyo darasani utasikia sana habari za kuunganisha sharika na vijana wanaojitoa. Ni maswali mazito, lakini siyo yatakayokungoja Singida.

Huku kuna nini basi? Maktaba, jamani. Na muda. Nimekaa kwenye semina iliyotafuna mistari michache ya Warumi wiki baada ya wiki, na hakuna aliyeona tunachelewa. Kero yangu ni moja: ukitoka Afrika wanataka uandike kuhusu Afrika tu, hata kama moyo wako uko kwa Augustino, yule mwanatheolojia wa kanisa la kale. (Ambaye, kwa taarifa yao, alizaliwa Tagaste, Algeria ya leo.)

Mfano wangu ni John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya: alianzia Makerere, akaenda Marekani, kisha Cambridge alikopata udaktari 1963. Alichokipeleka Cambridge ni swali la kwao: mafundisho ya Agano Jipya kuhusu siku za mwisho yanaeleweka vipi kwa Wakamba? Miaka mingi baadaye alitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kiyunani. Ulaya ilimpa zana. Kazi alikuwa nayo tayari.

Jambo dogo la makaratasi: kabla ya kulipa chochote, waulize TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kama wataitambua shahada hiyo, na muulize askofu wako kama ataipokea. Ni maswali mawili tofauti. Na hizo shule za mtandaoni zinazokupa udaktari kwa miezi michache, achana nazo.

Ushauri huu hauwahusu watoto wetu waliozaliwa huku. Kijana aliyepata kipaimara Hamburg, anayeota kwa Kijerumani, kumpeleka Makumira miaka kadhaa kisa wazazi ni Watanzania ni kumtoa kwenye usharika wake. Yeye akasome Tübingen.